Marafiki Wawili na Mitungi Iliyofukiwa Ardhini

Machi 2006, Urusi ilipiga marufuku divai ya Georgia. Wakaguzi wa Moscow walidai kuwa divai hiyo ina mabaki ya dawa za mashambani na kwamba nyingi ni ya kughushi. Wageorgia wenyewe waliona ni fimbo ya kisiasa dhidi ya jirani mdogo aliyethubutu kuelekeza uso wake Magharibi. Vyovyote iwavyo, pigo lilikuwa zito. Georgia, nchi ya watu wapatao milioni nne iliyo kati ya milima ya Kaukazi na Bahari Nyeusi, ilikuwa ikiwauzia Warusi sehemu kubwa kabisa ya divai yake. Ghafla mnunuzi huyo hayupo.

Mwaka uliofuata, 2007, watu wawili wakafungua kiwanda kipya cha divai katika nchi hiyohiyo. Kwa hesabu za kibiashara lilikuwa jambo la kushangaza. Hawakuwa na matangi ya chuma wala maabara, na hawakukusudia kuwa navyo. Walitegemea zabibu za kienyeji, mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini, na urafiki wao.

Mmoja ni Gela Patalishvili, mkulima ambaye ukoo wake umetengeneza divai kwa vizazi vinane. Wa pili ni John Wurdeman, mchoraji kutoka Marekani. Akiwa bado kijana huko kwao, Wurdeman alisikia nyimbo za Wageorgia kwenye rekodi, zile zinazoimbwa kwa sauti tatu zinazopishana na kukutana bila ala yoyote, na zikamkaa moyoni. Alikwenda kusomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Surikov mjini Moscow, na kutoka huko, katika miaka ya 1990, akafika Georgia kuzifuata nyimbo zile kwa wenyewe. Hakurudi tena kwao kuishi. Alinunua nyumba katika mji mdogo wa Sighnaghi, akamwoa Ketevan Mindorashvili, mwimbaji wa nyimbo za jadi anayeongoza kikundi kiitwacho Zedashe.

Jinsi wawili hao walivyofahamiana imekuwa sehemu ya sifa za kiwanda chao. Wurdeman alikuwa amesimama katikati ya mizabibu, turubai mbele yake, akichora. Patalishvili akapita na trekta lake, akasimama, akamwalika nyumbani kwa chakula cha jioni. Mchoraji akajitetea kwamba ana shughuli. Mkulima akamng'ang'ania, kwa sababu alikuwa na neno. Mbele ya chakula akalitoa: divai ya mababu, ya kutengenezwa mtungini, inapotea, viwanda vikubwa vimeiacha, na yeye peke yake haiwezi kazi ya kuinusuru. Wurdeman na mkewe walikuwa tayari wanahangaika kuziokoa nyimbo za Kakheti. Nyimbo nyingi kati ya hizo ni za karamu, huimbwa glasi zikiwa mkononi. Kuokoa wimbo na kuiacha divai yake ife ni kuokoa nusu ya kitu.

Kiwanda wakakiita Pheasant's Tears, yaani machozi ya yule ndege mwenye mkia mrefu wa jamii moja na kuku na kwale. Katika ngano ya Wageorgia, shujaa mmoja anadai kuwa ni divai ya ajabu tu, isiyo na kifani, inayoweza kumtoa ndege huyo machozi ya furaha. Ndege mwenyewe si mgeni katika simulizi za nchi hiyo. Inasimuliwa kwamba mfalme Vakhtang Gorgasali, katika karne ya 5, alikuwa akiwinda msituni, ndege wa aina hiyo na mwewe wa mfalme wakaanguka kwenye chemchemi ya maji ya moto, na mfalme akaamuru mji ujengwe mahali pale. Mji huo ndio Tbilisi, makao makuu ya Georgia hadi leo.

Sighnaghi uko juu ya kilima katika jimbo la Kakheti, mashariki mwa nchi, mwendo wa kilomita kama 110 kutoka Tbilisi. Kuta zake za mawe zilijengwa katika karne ya 18 kwa amri ya Mfalme Erekle II, ili watu wa bondeni wapate pa kukimbilia wavamizi wakishuka kutoka milima ya Dagestan. Ukisimama juu ya kuta hizo unaliona bonde la Alazani limetandazwa chini, kijani kwa mizabibu, na ng'ambo yake safu ya Kaukazi yenye theluji. Kakheti ndiyo inayotoa zabibu nyingi zaidi Georgia nzima. Ni vijiji vichache huko visivyo na shamba la mizabibu, na nyumba nyingi zina mtungi.

Mtungi huo huitwa kvevri, na inafaa kuutazama kwa karibu, maana mambo yote ya divai hii yanaanzia hapo. Umbo lake ni kama yai: tumbo pana, chini umechongoka, juu mdomo mdogo. Mdogo kabisa huchukua lita 20 hivi, mkubwa hufikia maelfu ya lita, hata mtu mzima anaingia ndani na kusimama. Fundi haufinyangi kwenye gurudumu. Anakunja udongo kwa mikono, anapandisha ukuta wa mtungi sentimita chache, kisha anauacha ukauke kidogo ili uweze kubeba mkunjo unaofuata. Akiharakisha, uzito wa juu unabomoa wa chini. Kwa hiyo hufinyanga mitungi kadhaa kwa zamu, leo huu kesho ule, na kazi ya mtungi mmoja mkubwa huchukua wiki nyingi. Ikishakauka, mitungi hupangwa ndani ya tanuri, mlango wa tanuri huzibwa kwa matofali, na moto wa kuni huwashwa na kulindwa usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Mtungi ukitoka, ungali na joto, ndani hupakwa nta ya nyuki, ikayeyuka na kuingia katika vitundu vya udongo. Nje hupakwa chokaa. Kisha hushushwa kwenye shimo na kufukiwa, ubaki mdomo tu usawa wa sakafu. Mgeni akiingia katika chumba cha divai, ambacho wenyewe hukiita marani, haoni pipa wala tangi. Anaona sakafu yenye matundu ya duara.

Septemba na Oktoba ndiyo rtveli, mavuno. Ndugu hurudi kijijini kutoka mjini, majirani huja kusaidia, leo shambani kwako kesho kwangu. Zabibu hukanyagwa kwa miguu ndani ya hori refu lililochongwa kutoka gogo moja, mchuzi wake ukatiririka hadi mtungini. Wanaolima zabibu Dodoma watalielewa neno hilo mchuzi, ndilo wanalolitumia sokoni. Kinachofuata, hata hivyo, hakifanani na ilivyo viwandani. Kwa kawaida mtengenezaji wa divai nyeupe huondoa maganda mara moja na kuchachusha mchuzi mtupu. Wakakheti hutia kila kitu: mchuzi, maganda, mbegu na, mwaka ambao vikonyo vimeiva vizuri, vikonyo pia.

Baada ya siku moja mbili mchuzi huanza kutokota bila moto. Maganda hupanda juu na kufanya kifuniko kizito, ambacho lazima kisukumwe chini kwa mti mrefu mara kadhaa kwa siku, usiku ukiwemo, la sivyo hukauka na kuiharibu divai. Mchacho ukitulia, maganda huzama yenyewe. Hapo mtungi hufunikwa kwa kifuniko cha jiwe au mbao, kingo huzibwa kwa udongo mbichi, na divai huachwa hadi machipuko, miezi mitano au sita.

Umbo la yai si pambo. Mbegu, ambazo zikikaa sana ndani ya divai huitia uchungu, huteleza hadi kwenye ncha ya chini na kufunikwa na mashapo, hivyo hujitenga zenyewe. Ardhi inayouzunguka mtungi hushikilia ubaridi uleule majira yote, karibu nyuzi 14, bila umeme wala mashine ya kupoza. Ni uhandisi wa watu ambao hawakuandika kitabu cha uhandisi, na binafsi mwandishi huyu hajui chombo kingine cha chakula chenye akili nyingi kiasi hicho katika umbo rahisi namna hiyo.

Divai inayotolewa machipuko si nyeupe. Ina rangi ya kaharabu, au ya chai ya rangi iliyokolea, na inakaza ulimi kama chai hiyo. Wenye mazoea ya divai nyeupe laini huikunjia uso mara ya kwanza.

Je, kwa nini divai ya namna hii inaitwa divai asilia? Anayefahamu kazi ya mgema wa pwani ameshapata nusu ya jibu. Tembo la mnazi huchachuka lenyewe, kwa chachu zilizoko hewani, kwenye mti na ndani ya kibuyu. Hakuna anayelitia hamira. Zabibu nazo hufika nyumbani zikiwa na chachu zao kwenye maganda. Kiwanda kikubwa huziua chachu hizo na kutia nyingine zilizokuzwa maabara, ili divai ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Baadaye huweza kuongeza asidi, sukari, dawa za kuisafisha, na salfa ya kuilinda isiharibike. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu miligramu 150 za salfa kwa lita ya divai nyekundu kavu na 200 kwa nyeupe kavu. Ufaransa, mwaka 2020, ilipokubali kwa mara ya kwanza lebo rasmi ya divai asilia, ilitaka isizidi 30, zabibu ziwe zimelimwa kwa kilimo hai na kuchumwa kwa mkono, na chachu iwe ya zabibu zenyewe. Pheasant's Tears na wenzao wa Georgia hufuata njia hiyohiyo: salfa kidogo sana au bila kabisa, na hakuna kingine.

Ni kazi yenye hatari. Divai isiyo na kinga inaweza kugeuka siki. Ndiyo maana usafi wa mtungi ni jambo la kufa na kupona. Mtu huingia au huinama mdomoni na kusugua ndani kwa brashi iliyotengenezwa kwa magome ya mcheri yaliyofungwa kwenye mti mrefu, akisuuza kwa maji tena na tena hadi maji yatoke meupe kabisa. Wazee husema maji ya mwisho yawe ya kunyweka. Mtungi uliopuuzwa mwaka mmoja huharibu divai ya miaka inayofuata, na hakuna dawa ya kuficha uzembe huo.

Ukale wa mambo haya umethibitishwa na sayansi. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa nchi kadhaa, akiwemo Mmarekani Patrick McGovern na Mgeorgia David Lordkipanidze, lilitangaza kuwa vigae vya mitungi vilivyofukuliwa Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini mwa Tbilisi, vina asidi ya zabibu iliyonywea udongoni. Vigae hivyo ni vya takriban miaka 6000 kabla ya Kristo. Hakuna mahali pengine duniani palipopatikana ushahidi wa zamani kuliko huo wa divai ya zabibu.

Lakini miaka 8,000 ni mingi mno kuishika kichwani. Ukiwauliza Wakakheti wenyewe ni enzi gani wanayoijivunia, watakupeleka kwenye Zama za Kati, na ushahidi wao uko wazi barabarani.

Chukua kanisa la Alaverdi. Linasimama peke yake katika tambarare, limezungukwa na ukuta, na linaonekana kutoka mbali kama merikebu iliyotia nanga. Monasteri yake ilianzishwa katika karne ya 6, na jengo la sasa ni la karne ya 11, lenye kimo cha zaidi ya mita 50. Kwa karne nyingi halikuwepo kanisa refu kuliko hilo nchini. Ndani ya ukuta huo kuna chumba cha divai ambacho watawa husema kimekuwepo tangu mwaka 1011. Wasovieti waliifunga monasteri. Watawa waliporudi walifukua na kukarabati mitungi ya kale, na mwaka 2006, mwaka uleule wa marufuku ya Urusi, wakaanza tena kutengeneza divai. Uani wamepanda zaidi ya aina 100 za mizabibu ya kienyeji, mstari kwa mstari, kila mmoja na jina lake.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni monasteri ya Ikalto. Mfalme David IV, ambaye Wageorgia humwita Mjenzi, alitawala kuanzia 1089 hadi 1125, akawashinda Waseljuki katika vita vya Didgori mwaka 1121 na mwaka uliofuata akaukomboa mji wa Tbilisi. Katika zama hizo, chini ya mwanazuoni Arsen, Ikalto ikawa chuo kikubwa. Mapokeo ya Kakheti yanasema kwamba Shota Rustaveli, mshairi mkuu wa taifa hilo, alisoma hapo. Leo paa la chuo halipo. Zimebaki kuta, mahali pa kukamulia zabibu, na uani mitungi mikubwa iliyolazwa ubavu, mikubwa kuliko mtu.

Rustaveli aliishi enzi ya Malkia Tamar, aliyetawala kuanzia 1184 hadi 1213. Utenzi wake kuhusu shujaa aliyevaa ngozi ya chui una beti zaidi ya 1,500 za mistari minne, kila mstari mizani 16, na mistari yote minne hufungwa kwa kina kimoja. Mshairi wa Lamu au Mombasa angeutambua ufundi huo mara moja. Na kiini cha hadithi ni urafiki. Mashujaa watatu wa mataifa tofauti wanaapiana udugu, kisha kila mmoja anaacha raha zake kwenda kupigania shida ya mwenzake. Kwa muda mrefu bibi harusi wa Georgia alitarajiwa kwenda kwa mumewe na nakala ya kitabu hicho. Ndiyo sababu Mgeorgia akisikia kwamba mkulima na mchoraji wa kigeni wameungana kuokoa mitungi, haoni ajabu yoyote. Ameshaisoma hadithi ya namna hiyo tangu utoto.

Kabla ya enzi hiyo ya Tamar kulikuwa na imani, na baada yake kulikuwa na moto. Ukristo uliingia Georgia katika karne ya 4, na mapokeo yanasema mhubiri wake, Mtakatifu Nino, alibeba msalaba wa vijiti vya mzabibu uliofungwa kwa nywele zake mwenyewe. Kaburi lake liko Bodbe, karibu kabisa na Sighnaghi. Kisha wakaja Wamongolia katika karne ya 13, na Timur, aliyeishambulia nchi tena na tena kati ya 1386 na 1403. Baya kuliko yote kwa Kakheti lilikuwa jeshi la Shah Abbas wa Uajemi. Kati ya 1614 na 1617 aliliangamiza jimbo: aliua makumi ya maelfu, akahamisha makumi ya maelfu wengine kwa nguvu hadi Uajemi, akachoma Ikalto mwaka 1616. Wazao wa waliohamishwa wanaishi Iran hadi leo, katika eneo la Fereydan, na wengine bado wanazungumza Kigeorgia.

Mzabibu uliokatwa unaweza kuchipua tena kutoka kwenye kisiki, na mtungi uliofukiwa ni vigumu kuuiba. Wakulima waliosalia walirudi, wakaanza upya.

Wasovieti walikuja na balaa la aina nyingine, lisilo na upanga. Mashamba yalikusanywa chini ya dola, na shirika moja la serikali likashika divai yote. Lengo lilikuwa wingi. Aina chache za zabibu zinazozaa sana, hasa Rkatsiteli na Saperavi, zikapandwa kila mahali, na mamia ya aina nyingine zikaachwa zipotee. Georgia ina zaidi ya aina 500 za zabibu zake yenyewe, hazina ambayo nchi nyingi zenye jina kubwa katika divai hazina, na nyingi kati ya hizo zilibaki kwa mizizi michache nyuma ya nyumba ya mtu. Mwaka 1985 Mikhail Gorbachev alipotangaza vita dhidi ya ulevi, mizabibu mingine iling'olewa kwa amri. Kilichookoa ufundi wa mtungi katika miaka hiyo yote ni jambo dogo: kila familia iliruhusiwa kuwa na kiploti chake, na familia za Kakheti hazikukitumia kwa divai ya kiwandani. Ziliendelea kufukia mitungi uani na kutengeneza divai ya nyumbani, ya harusi, ya msiba, na ile bora kuliko zote inayotengwa kwa ajili ya ibada, ambayo huitwa zedashe. Kikundi cha Ketevan kilichukua jina lake hapo.

Kwa hiyo Patalishvili na Wurdeman hawakufufua kitu kilichokufa. Walikitoa uani na kukipeleka sokoni kikiwa na heshima yake. Walilipa kisogo soko la Urusi, lililotaka divai tamu na rahisi, wakatafuta wanunuzi waliochoshwa na divai za maabara, huko Ulaya, Marekani na Japani. Walikuta njia imeshafunguliwa kidogo. Mtengenezaji Mwitaliano Josko Gravner, wa Oslavia mpakani na Slovenia, alikuwa amesafiri hadi Georgia mwaka 2000, akavutiwa na mitungi kiasi cha kuifukia kwake na kuchachushia divai yake humo. Leo Pheasant's Tears wana mashamba katika majimbo kadhaa, na wamepanda shamba la kumbukumbu lenye mamia ya aina za kienyeji, ili zile zilizobaki mizizi michache zipate ndugu.

Hawako peke yao. Mwaka 2003, kabla yao, marafiki watano wakiongozwa na Soliko Tsaishvili walikuwa wameanzisha Divai Yetu, baada ya kuchoka kutafuta divai ya mtungi ya kunywa wenyewe mjini. Tsaishvili alifariki mwaka 2018, na watengenezaji wengi wa sasa humhesabu kuwa mwalimu wao. Mwaka 2012 wazalishaji kadhaa, Wurdeman akiwemo, walifungua kwa pamoja baa ya divai ya chini ya ardhi mjini Tbilisi, Vino Underground, ambako mteja hukuta divai za washindani zikiuzwa kaunta moja. Mwaka huohuo Marina Kurtanidze na Tea Melanashvili, wanawake wawili marafiki, walianza kutengeneza divai yao, Mandili. Katika nchi ambayo mtungi ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, hilo halikuwa dogo. Mandili ni kitambaa cha kichwani. Katika desturi ya zamani ya Kaukazi, mwanamke akikitupa kitambaa chake katikati ya wanaume wanaopigana, mapigano hukoma papo hapo.

Heshima rasmi ilikuja Desemba 2013, UNESCO ilipouingiza ufundi wa kvevri katika orodha ya urithi wa binadamu. Nyimbo za sauti tatu zilikuwa zimeshatambuliwa tangu 2001, na wimbo mmoja kati ya hizo, Chakrulo wa Kakheti, ulirushwa angani mwaka 1977 ndani ya vyombo vya Voyager vya Marekani.

Sasa hatari imegeuka upande. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sifa za kvevri zimekuwa nyingi. Viwanda vikubwa ambavyo jana viliicheka mitungi leo vinaipiga picha kwenye lebo, na si kila chupa yenye picha hiyo imepita mtungini kwa njia ya kale. Urusi ilifungua tena mipaka mwaka 2013, na katika miaka ya karibuni imenunua zaidi ya nusu ya divai yote ambayo Georgia inauza nje. Funzo la 2006 limesahaulika upesi mno. Divai asilia ni tone tu katika biashara hiyo, lakini ni tone lisilotegemea hisia za jirani mmoja, na serikali ya Tbilisi ingefanya vyema kulitazama kwa macho hayo.

Jambo la haraka zaidi, hata hivyo, ni wafinyanzi. Mizabibu inapandwa upya na watu wa kuilima wapo. Wanaojua kupandisha ukuta wa mtungi wa lita 2,000 bila kupasuka tanurini ni familia chache tu katika vijiji kama Vardisubani huko Kakheti, na Makatubani na Shrosha upande wa magharibi, na kwa miaka mingi kazi hiyo haikuwa na malipo ya kumshawishi kijana abaki nayo. Sasa oda zinatoka hadi Italia na Marekani. Kila mtengenezaji wa divai anayejivunia kvevri, awe mdogo au mkubwa, anapaswa kumlipa fundi huyo bei inayolingana na wiki zake za kazi, na kumgharimia mwanafunzi mmoja wa kukaa naye.